Kilio Ndani ya Wimbo wa Tatu

Kelele yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya kuku anayechakura nyuma ya nyumba. Njagi aliisikia siku ya Jumanne, saa nane mchana, akiwa amevaa hedifoni na kumalizia kuchanganya wimbo wa tatu wa albamu yao. Akausimamisha wimbo. Kimya. Akaucheza tena. Kwaru, kwaru, kwaru.

Akazima ngoma za Gikunda, mwenzao wa bendi, kelele ikabaki. Akazima besi, akazima gitaa lake mwenyewe, akazima sauti ya mkewe. Kwenye kioo cha kompyuta mistari yote ililala, hakuna hata mmoja uliotikisika, na bado masikioni mwake kitu kilikwaruza, sasa kwa haraka zaidi, kama mtu aliyesikia nyayo zinakuja.

"Kajuju," aliita. "Hebu kuja uskie hii kitu."

Kajuju alitoka jikoni na mikono yenye unga. Akasikiliza kidogo, akavua hedifoni.

"Ni waya. Si ulisema waya ya hiyo maiki imeoza?"

"Maiki imezimwa."

"Basi ni panya, Baba Kaari. Hii nyumba ina panya."

Akarudi jikoni. Lakini hakuwa amesema ukweli wote. Alipofika kwenye sinki aliegemea ukuta, kwa sababu kelele ile alikuwa ameisikia mara moja kabla, mahali pengine kabisa.

Kwao Kajuju ni Mitunguu, kwenye migomba. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo alikwenda nyumbani kwa mazishi ya mtoto wa jirani, msichana wa miaka minane aitwaye Gatwiri. Mtoto huyo alikuwa ameteleza kwenye bwawa la kumwagilia shamba, yale mabwawa yanayotandikwa nailoni nyeusi ili maji yasipotee. Mtu mzima akiingia humo bila kamba hatoki. Nailoni huteleza kama sabuni. Walipomtoa Gatwiri, kucha zake zote kumi zilikuwa zimeng'oka.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wameshika sahani za wali, mama yake aliponyoka akaenda peke yake hadi kwenye lile bwawa. Akasimama ukingoni akaita: "Gatwiri, uka mucii! Uka mucii!" Njoo nyumbani, njoo nyumbani. Hakuwa akilia kama watu wanavyolia. Alikuwa anaita, kama mama anavyomwita mtoto jioni chakula kikiwa tayari, ila sauti ilipanda na kupanda mpaka ikapasuka. Kajuju, aliyekuwa amemfuata ili asije akajirusha, alisimama nyuma ya mgomba. Akatoa simu, akarekodi. Alijiambia ni kwa sababu hajawahi kusikia sauti kama hiyo. Na chini ya sauti hiyo, kutoka bwawani ambako hakukuwa na mtu, alisikia kwaru, kwaru. Akadhani ni upepo unaotikisa nailoni.

Bendi yao iliitwa Radi Kavu. Walikuwa watatu: Njagi wa Embu kwenye gitaa, Gikunda wa Meru kwenye ngoma, na Kajuju mwenyewe kwa kuimba na besi. Kwa miaka sita walipiga roki kwenye mahoteli ambako watu waliwaomba wapige kitu kingine. Studio yao ilikuwa chumba kimoja cha nyumba ya kupanga pale mtaa wa Dallas, mjini Embu, kuta zimebandikwa magodoro na trei za mayai. Walikuwa wamekaribia kukata tamaa Kajuju alipowachezea wenzake kile kilio. Njagi akachukua gitaa akatafuta sauti ya kukifuata, na ndani ya saa moja wimbo wa tatu ulikuwa umezaliwa.

Gikunda peke yake ndiye aliyepinga. "Hiki ni kilio cha mtu," alisema. "Mama mwenyewe anajua?"

"Tutamwambia," Kajuju akajibu.

Hawakumwambia.

Albamu ilitoka mwezi wa nne. Kufikia mwezi wa sita hakukuwa na kinyozi wala duka la simu Embu nzima ambalo halikuicheza. Redio za Meru ziliupiga wimbo wa tatu asubuhi na jioni, kisha za Nairobi zikaushika. Watu ambao hawajui hata neno moja la Kimeru walikuwa wakiimba "uka mucii" wakiosha vyombo. Vijana waliuweka kwenye simu uwe ndio mlio wa kuitwa. Kampuni iliyokuwa ikiisambaza albamu ilituma keki nyumbani kwao, na kwenye keki jina la bendi lilikuwa limeandikwa vibaya, wakacheka mpaka wakalia. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka hivyo.

Harufu ndiyo iliyokuja kwanza. Harufu ya nailoni iliyochomwa na jua, na chini yake maji yaliyokaa. Kajuju alifua mapazia, akamwaga dawa kwenye mabomba, akaita fundi afungue sakafu ya bafu. Harufu haikutoka bafuni. Ilikuwa chumbani kwa Kaari, binti yao wa miaka minne, kwenye godoro lake, upande wa ukutani.

Kaari akaanza kulala ukingoni mwa kitanda, amejikunja kama mtu aliyebanana na mwenzake.

"Kwa nini hulali katikati, mami?" Kajuju alimwuliza asubuhi moja akimfunga viatu.

"Ananiambia nisonge."

"Nani?"

Mtoto alitazama kitanda, kisha akamsogelea mamake sikioni. "Usiseme kwa nguvu. Anasema wewe ni mamake. Ulimwita."

Wiki hiyo Kaari alianza kukohoa. Kikohozi chake hakikuwa kikavu wala cha makamasi. Alikuwa anatoa maji, kikombe kizima, maji ya kijani yenye matope laini. Walimkimbiza hospitalini. Daktari akapiga picha ya kifua, akaishika kwenye mwanga, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Huyu mtoto alizama wapi?"

"Hajazama, daktari," Njagi alisema. "Hajawahi hata kuona mto."

"Mapafu haya ni ya mtu aliyetolewa majini leo." Akashusha sauti. "Nielezeni ukweli. Sitawaita polisi."

Njagi akarudia kwamba hajazama. Wakapewa dawa, wakarudi. Na ni hapo njiani, gari liliposimama kwenye taa za barabarani, ambapo Kajuju alielewa. Bodaboda ilisimama kando yao, redio imefungwa kwenye usukani, wimbo wa tatu unacheza. Kile kilio kilipofika, Kaari alikakamaa mapajani pake, akashika shingo, maji yakamtoka puani. Bodaboda ikaondoka, kilio kikafifia, mtoto akavuta pumzi.

"Umeona?" Kajuju alinong'ona.

Njagi alikuwa amefumba macho. "Nimeona kitambo," alisema. "Niliogopa kukuambia."

Waliipigia kampuni simu, wakiomba wimbo uondolewe. Wakaambiwa wasubiri, kuna mkataba, na isitoshe kuna onyesho la Jumamosi pale uwanja wa Kaaga, Meru, na tiketi zimekwisha. Wapige tu onyesho, halafu wataongea. Njagi alikubali. Kajuju alikubali pia, na hilo ndilo alilojilaumu nalo baadaye kuliko yote, kwamba alikubali. Walikubaliana wimbo wa tatu usipigwe. Hawakuwa na mtu wa kumwachia mtoto mgonjwa, kwa hiyo wakaenda naye, wakamkalisha nyuma ya jukwaa juu ya sanduku la ngoma, amefunikwa blanketi.

Uwanja ulijaa kuanzia saa tisa. Walipiga wimbo wa kwanza, wa pili, wakaruka hadi wa nne. Watu wakaanza kuzomea kwa mapenzi, wakipiga makofi, wakiutaka ule wimbo. Kajuju akatikisa kichwa. Ndipo sauti moja kati ya umati ikaanza yenyewe, sauti ya mwanamke, "Gatwiri, uka mucii," na ya pili ikapokea, na safu nzima ya mbele, na kabla Kajuju hajafika kwenye maiki kuwasihi wanyamaze uwanja mzima ulikuwa unaita, maelfu ya midomo, mikono imeinuliwa juu, watu wazima na wasichana wa shule na wauza njugu kwenye ua, wote wakimwita kwa jina mtoto ambaye hawakuwahi kumwona, wakimwambia arudi nyumbani, na jua lilikuwa bado linawaka, na katika jua hilo Kajuju aligeuka akatazama nyuma ya jukwaa akaona kwamba kwenye sanduku la ngoma wameketi watoto wawili.

Wa pili alikuwa mkubwa kuliko Kaari. Gauni la shule lilikuwa limemshika mwilini na maji yalitiririka kutoka kwenye pindo. Alikuwa amemkumbatia Kaari kwa nyuma, kidevu juu ya bega lake, na vidole vyake juu ya kifua cha mtoto havikuwa na kucha. Alimtazama Kajuju kama mtoto anavyomtazama mama aliyechelewa kumchukua shule. Kisha akafungua kinywa.

Gikunda ndiye aliyemfikia Kaari kwanza, akamkuta peke yake. Aliangusha vijiti, akamwinamisha, akampiga mgongoni, maji yakamwagika kwenye mbao za jukwaa. Umati uliendelea kuimba. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Gikunda aliwapeleka usiku huohuo hadi kwa Pasta Marete. Mzee huyu alikuwa fundi wa pampu za maji, na Jumapili alihubiri katika kanisa dogo la mabati. Watu wa Meru na Embu walimjua kwa kutoa mapepo na yale majini ambayo wafanyabiashara hudaiwa kuleta kutoka Mombasa. Asubuhi aliwafuata nyumbani kwao Dallas na Biblia na chupa ya mafuta. Akaomba wote watoke isipokuwa wazazi. Akaweka kiganja kwenye paji la Kaari.

"Kwa jina la Yesu, wewe uliyeingia hapa, toka."

Kaari alifungua macho. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mtoto mkubwa kidogo, yenye adabu, kama anayejibu mwalimu.

"Sikuingia. Niliitwa."

"Nani alikuita?"

"Mama. Ananiita kila siku. Ananiita kwa nyumba nyingi. Nikifika sio yeye." Sauti ikaanza kutetemeka. "Nimechoka kutembea. Huyu mama ndiye yuko karibu na hiyo sauti. Nitakaa na huyu. Huyu mtoto akitoka, mimi nitatoshea."

Marete aliondoa mkono. Akafunga Biblia, na Kajuju alipoona anaifunga akapiga magoti akamshika miguu.

"Pasta, usituache. Nakuomba. Pasta, huyu ndiye mtoto wangu wa pekee."

"Simama, mama. Simama." Alikuwa anaongea chini chini, kama aliye kwenye matanga. "Hili si jini. Majini nayafukuza kwa sababu ni wezi, yanaingia bila kuitwa. Huyu ni mtoto wa watu na mmemwalika. Mmemwalika mara milioni. Mnajua ni kilio cha nani?"

Kajuju akamweleza yote, bwawa, mgomba, simu.

"Basi nendeni kwa mwenyewe. Aliyemwita kwa haki ndiye atakayemwambia. Na muende leo, kwa sababu nimeshika kifua cha huyu mtoto. Hana siku tatu."

Wakashika njia ya Mitunguu mchana huo, Kaari amelala kiti cha nyuma, Gikunda akiendesha, madirisha yamefungwa wasije wakasikia redio ya mtu. Kajuju alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alikuwa tayari hata kupigwa.

Mama Gatwiri alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Alikuwa amekonda. Hakusimama.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilikuwa sokoni, naongea bei ya ndizi na mteja. Simu yake ikalia. Nikaskia ni mimi nalia ndani ya simu." Akatupa harage moja bovu. "Nilidhani nimekuwa wazimu. Nikamwuliza, hii ni nini? Akaniambia, mama, hii ni muziki."

"Nisamehe, Mama Gatwiri. Nimekosa. Sina la kusema."

"Umekuja kwa sababu umekosa, ama umekuja kwa sababu kuna shida?"

Njagi akamleta Kaari mikononi, akamweka chini kwenye kivuli. Yule mama akamtazama mtoto, akasikia harufu ya nailoni na maji, na uso wake ukabadilika. Maharagwe yakamwagika.

"Yuko hapa?" aliuliza kwa pumzi tu. "Yuko hapa sasa hivi?"

"Yuko ndani yake. Pasta amesema wewe ndiye unaweza kumwambia aende. Tafadhali. Mwambie aende akapumzike."

"Aende?" Mama Gatwiri alicheka, kicheko kifupi kilichokatika. "Mimi nimemwita miaka mitatu, Kajuju. Kila jioni. Nimeenda kwa ile dam nikaita mpaka mwenye shamba akaweka mbwa. Hakukuja hata siku moja. Wewe umemwita kwa redio, amekuja. Na unataka mimi nimfukuze?"

"Mtoto wangu anakufa!"

"Na wangu alikufa." Akamsogelea Kaari, akapiga magoti. "Simfukuzi. Namchukua."

Gikunda alisema, "Mama, usifanye hivyo," lakini hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa yule mama alikuwa tayari amekilaza kichwa cha Kaari pajani na kuanza kuita, si kwa ile sauti iliyopasuka ambayo nchi nzima iliijua bali kwa sauti ya kawaida, ya kumwamsha mtoto aende shule, Gatwiri, uka, uka mwana wangu, na kelele ya kukwaruza ikasikika kifuani mwa Kaari, kwaru, kwaru, kama mtu anayepanda ukuta unaoteleza na safari hii ameona mkono umenyooshwa kutoka juu, na maji yakamtoka mtoto mdomoni na puani na masikioni yakalowesha gauni la yule mama mpaka magotini, na Njagi akaanza kulia kwa sauti, na Kajuju akaona mgongo wa Mama Gatwiri ukinyooka ghafla kama wa mtu aliyerukiwa na mtoto kwa nyuma.

Kukwaruza kukakoma. Kaari akakohoa mara moja, kikohozi kikavu. "Mami," alisema, "nataka chai."

Mama Gatwiri alisimama kwa shida, ameinamia mbele, mikono imeshikana nyuma kiunoni kama abebaye mtoto. Hakuwatazama tena. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kaari akapona. Kampuni iliuondoa wimbo baada ya Njagi kutishia kwenda mahakamani, lakini ulikuwa umeshaingia kwenye simu za watu, na huko hakuna wa kuutoa. Gikunda aliuza ngoma zake. Kajuju aliapa mbele ya Pasta Marete kwamba hataimba tena maishani, na kwa miezi mitano hakuimba, hata kanisani.

Mwezi wa sita tangu kiapo hicho dhamiri ilimsumbua, akaenda Mitunguu na kilo mbili za sukari kumjulia hali jirani. Alifika saa kumi jioni. Kutoka nje alisikia wimbo wa tatu ukicheza ndani, kwa sauti ndogo. Akabisha.

"Ingia haraka, funga."

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia. Kwenye kona kulikuwa na pazia, na nyuma yake kitu kilikuwa kinasogezwa sakafuni polepole. Mama Gatwiri alikuwa amekaa kitini na simu mapajani, waya wa chaji hadi ukutani. Ngozi yake ilikuwa nyeupe na yenye mikunjo, kama ya vidole vya mtu aliyefua siku nzima. Lakini macho yake yalikuwa na furaha.

"Anakula," alinong'ona. "Anaongea. Na anakua, Kajuju. Amenifika hapa." Akaweka mkono begani.

"Mama Gatwiri, unaumwa. Twende hospitali. Zima hii kitu, twende."

"Nikizima anasahau njia. Nilijaribu siku moja. Alianza kutafuta mlango." Akamshika Kajuju kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Usifute huo wimbo. Nakuomba kama ulivyoniomba."

Ndipo taa ndogo ya chaji ilipozimika. Stima ilikuwa imepotea. Wote wawili waliitazama simu. Betri yake ilikuwa imekufa kitambo, ilikuwa ikiishi kwa ule waya, na kioo kikawa cheusi katikati ya neno.

Nyuma ya pazia, kusogezwa kule kukakoma.

"Mama?" sauti iliuliza. Ilikuwa nzito kuliko ile ya Dallas, sauti ya mtoto anayekaribia kuwa mtu mzima. "Mama uko wapi?"

Mama Gatwiri alifungua mdomo kuita. Maji ndiyo yaliyotoka. Alijaribu tena, akashika koo, akamtazama Kajuju kwa macho ya kuomba, akanyoosha kidole kwenye mdomo wa Kajuju.

"Nani mama?" sauti ikasema. Pazia likavimba, na miguu yenye maji ikaanza kuja sakafuni, hatua moja, ya pili, si kuelekea kitini bali kuelekea mlangoni, aliposimama Kajuju, ambaye nyumbani Dallas alikuwa na mtoto wa miaka minne anayesubiri kuletewa ndizi.

Kajuju akafumba macho, akaimba.

Aliimba wimbo wa tatu toka mwanzo, bila gitaa, bila ngoma, na alipofika penye kilio akakilia mwenyewe, kwa jina, kwa sauti yake yote. Miguu ikasimama. Akasikia ikigeuka. Kitu kizito kikajilaza mapajani pa yule mama, kiti kikalia, na alipothubutu kufungua macho aliona tu mkono wa Mama Gatwiri ukipapasa hewa iliyokuwa juu ya magoti yake, polepole, kama anayepanga nywele.

Wimbo ukaisha. Mama Gatwiri akamwashiria kwa kichwa: tena.

Stima ilirudi Mitunguu kesho yake, saa nne asubuhi.